Mnana Aliyetazama Chini

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hapana. Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba wakamsahau aliyewapikia. Wewe unayegeuza mahindi, acha kidogo, hayatakimbia. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmekuwa watu. Hapo zamani za kale, wakati mtu na mnyama wakikutana njiani wanaulizana habari za watoto, palikuwa na bonde lenye kinamasi, na kando ya kinamasi palikuwa na mgunga mkubwa. Katika mgunga ule walikaa minana. Mnawajua minana, wale ndege wadogo wa manjano wanaopiga kelele tangu alfajiri kama wameibiwa. Kazi yao ni kusuka viota.

Sikilizeni desturi yao. Mnana dume akitaka kuoa hapeleki posa kwa wazee. Anasuka kiota. Binti anakuja, anaingia, anageuka huku, anageuka kule, kisha anaushika ukuta kwa mdomo na kuuvuta. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Nyumba ikishika, ni harusi. Ikilegea, binti anasema, "Imelegea," anaruka zake, na yule dume anakikata kiota kwa mdomo wake mwenyewe. Kinaanguka chini, pu!

Na kikishaanguka, hakuna anayetazama. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kubwa ya mgunga. Kutazama chini ni kutazama aibu. Hata wakisuka, walisuka vichwa juu, macho mawinguni. Ukiwauliza huko chini kuna nini, wanakujibu, "Uchafu." Na hawajawahi kwenda! Watu wa namna hiyo mimi nawajua, na nyinyi mnawajua, basi tusitaje majina, tuendelee.

Palikuwa na kijana wa kimnana, jina lake Sokota. Alisuka haraka kuliko wote, haraka mno, ukuta ukabaki na matundu. Sokota alimpenda Kidawa, mjukuu wa Bi Shera, na Bi Shera ndiye aliyekuwa mkubwa wa mgunga. Kidawa naye alimpenda Sokota. Hilo msilitilie shaka.

Sokota akasuka kiota cha kwanza. Kidawa akavuta. "Imelegea." Pu!

Akasuka cha pili. Kidawa akavuta. Akavuta tena, polepole, kama anayeomba. Unyasi ukamfuata mdomoni.

"Imelegea, Sokota."

"Basi sema imeshika! Nani atajua?"

"Mayai yatajua," akasema Kidawa. "Nakutaka, nisikufiche. Lakini siwezi kuwalaza watoto wangu kwenye wavu wa samaki."

Bi Shera alikuwa tawi la juu, anasikia yote. Akasema, "Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, kijana. Tone la kwanza la masika likianguka hujapata nyumba inayoshika, mjukuu wangu nampeleka ng'ambo ya mto. Huko mafundi wamejaa." Msimchukie Bi Shera. Alikuwa amelilia mayai mengi yaliyodondoka katika nyumba zilizolegea, na hakutaka kulia tena.

Sokota akakikata kiota cha pili. Pu! Minana wote wakainua macho mawinguni. Mara, kutoka chini, ikasikika sauti nene:

"Ahsante!"

Sokota akashtuka. Ahsante ya nini?

"Usitazame!" wakalia minana. "Usitazame! Usitazame!"

Sokota akatazama.

Chini ya mgunga alikaa Mama Ngiri, mnyama ambaye sura yake ilisifiwa na mamake tu. Mbele yake palikuwa na chungu cha togwa, ule uji wa mtama uliochachuka ukawa mtamu. Mama Ngiri alikuwa akiimimina togwa katika kiota cha Sokota. Makapi yalibaki ndani, togwa ikatoka kwenye matundu, laini, ikatiririka kwenye kibuyu.

Sokota akashuka mbio, manyoya yamemsimama. "Mama Ngiri! Hiyo ni nyumba!"

"Nyumba ya nani, mwanangu?"

"Yangu! Ina mlango, ina ukumbi, ina chumba cha watoto!"

Mama Ngiri akachungulia ndani. "Chumba cha watoto kimejaa makapi," akasema. "Keti, unywe."

Hasira haiwezi kukaa kinywa kimoja na togwa. Sokota akanywa, akanywa tena. Mama Ngiri akamwambia, "Kiota chako cha kwanza nacho nilikiokota mimi. Kwa kuchuja, hakina mfano! Vya wenzako vimebana, havipitishi kitu. Lakini kilipasuka tako haraka. Tangu hapo naomba usiku na mchana ukataliwe tena. Unisamehe, mwanangu."

Sokota alitaka kulia, badala yake akacheka. Akacheka mpaka akadondoka kwenye ukingo wa chungu. "Mama, usiombe tena," akasema. "Mimi nitakusukia. Wacha nisuke machujio mengi huku chini, mkono uzoee, kabla sijajaribu mara ya tatu kule juu."

Sasa mngedhani amepata akili? Bado! Kiburi hakitoki kwa kikombe kimoja. Sokota alijifungia vichakani kutwa nzima, akasuka chujio la kifalme, lina pindo, lina manyoya ya rangi, lina mlango. Mlango wa nini kwenye chujio? Akalileta. Mama Ngiri akamimina. Togwa ikakataa kupita, ikafurika, ikamwagika miguuni.

"Zuri," akasema Mama Ngiri, anajipangusa. "Ningekuwa nataka kulitazama, ningelitazama. Sikiliza, mwanangu. Usinisukie kutwa nzima kitu ambacho hujaniuliza. Nisukie kipande tu, cha ukubwa wa ukwato wangu. Nitamimina, wewe utatazama. Kikikataa, tumepoteza nini? Nyasi tatu."

Basi Sokota akasuka kipande. Matundu makubwa mno, makapi yakapita. Akafumua. Akasuka kingine. Matundu madogo mno, togwa ikalala. Akafumua. Akasuka cha tatu, togwa ikapita, makapi yakabaki, na Mama Ngiri akapiga kelele mpaka vyura wakanyamaza. Na kwa furaha akaanza kuimba, nanyi mwitikieni, msiniache peke yangu:

*Suka kidogo, tazama!*
*Fumua, usione haya!*
*Suka tena!*

Harufu ya togwa nzuri haihitaji mpiga mbiu. Waliokuja kunywa waliuliza, "Imechujwa na nini?" Wakaonyeshwa. Kila mmoja akataka lake. Walilipa kwa mtama, kwa unyoya laini, kwa kumkatia Sokota ukindu kinamasini. Vijana wawili wa kimnana waliokataliwa na mabinti wakashuka kimya kimya, wakajifanya wanapita tu, mwisho wakakaa wakasuka naye.

Msidhani kila kitu kilikwenda. Sokota aliwahi kuwasukia nyani kofia. Nyani walizivaa asubuhi, adhuhuri wakawa wanarushiana, jioni wamezila. Sokota akatazama, akasema, "Nyani hawataki kofia," akaziacha. Hakulia, hakuwabembeleza nyani. Angekuwa Sokota wa zamani, angesuka kofia mpaka leo.

Huko juu minana walimcheka. "Sokota mchuuzi wa uchafu!" Kidawa peke yake hakucheka. Macho yalikuwa mawinguni kama sheria inavyotaka, lakini shingo ilimuuma kwa kutamani kuinama.

Siku moja akaja Bi Kanga, anakimbia kama kawaida yake, madoa yote yamesimama. "Sokota, kaka yangu, nina shida! Kila moto wa nyika ukija, nina mayai mengi na mdomo mmoja. Naokoa moja, mengine yanaungua, nalia mpaka mwaka unaofuata. Nisukie kitu cha kubebea."

Akasukiwa kikapu. Bi Kanga akaleta yai.

"Ngoja!" akasema Sokota. "Yai ni mtoto. Tujaribu na jiwe kwanza."

Wakatia jiwe, wakainua. Jiwe likapita chini. Pu!

Bi Kanga akayatazama mayai yake, akayafunika kwa mbawa. Sokota naye, jiwe lilipopita, aliona watoto wa Kidawa. Akafumua. Akasuka tena, akakaza. Jiwe moja likakaa, la pili likapita. Pu! Akafumua. Safari hii hakuharakisha. Kila ukindu aliupitisha, akaurudisha nyuma, akaufunga juu ya mgongo wa ukindu huo huo, kisha ndipo akaendelea. Lilikuwa fundo la kurudia, ambalo mgungani hakuna aliyelijua, kwa sababu mgungani hakuna aliyewahi kukaa na kilichoanguka akakiuliza kimeanguka kwa nini.

Wakatia jiwe. Likakaa. La pili, likakaa. Bi Kanga akalala ndani yeye mwenyewe, na unene wake wote, akabembea. Kikapu kikashika.

Sokota akakishika kikapu kwa mdomo. Akavuta mara moja. Akavuta mara mbili. Akavuta mara tatu. Akabaki amekishikilia.

"Una nini, kaka?" akauliza Bi Kanga.

"Imeshika," akasema Sokota. "Bi Kanga, imeshika!"

Hapo hapo ngurumo ikapiga upande wa mto. Masika! Wingu jeusi lilikuwa limekuja kabla ya kuitwa, na huko juu Bi Shera alikuwa akimwambia Kidawa, "Kusanya manyoya yako, mjukuu wangu, tuvuke kabla ya mvua."

Sokota akachukua ukindu, akaruka. Vijana wawili wakamfuata, wamebeba mwingine. Akachagua tawi, akaanza. Lakini jamani, alikuwa ameshazoea kutazama anachokisuka kinakwenda wapi. Hakuweza tena kuinua macho mawinguni. Akashika tawi kwa kucha, akaning'inia kichwa chini, miguu juu, akasuka hivyo.

"Balaa gani hii?" akalia Bi Shera. "Mbona umeinama kama popo?"

"Bibi, shikamoo. Nataka kuwaona walionifundisha."

Na chini walikuwa wamejaa, Mama Ngiri, Bi Kanga na kikapu chake cha mayai, hata wale nyani waliokula kofia, wote wanapiga makofi na kuimba. Imbeni nanyi:

*Suka kidogo, tazama!*
*Fumua, usione haya!*
*Suka tena!*

Akasuka, akafumua, akasuka tena, fundo juu ya fundo. Wingu likafika juu ya mgunga. Sokota akafunga fundo la mwisho, akakaa pembeni, anahema.

Kidawa akaingia. Akageuka huku, akageuka kule. Akaushika ukuta. Akavuta mara moja. Ukuta kimya. Akavuta mara mbili. Ukuta kimya. Mara ya tatu akaacha tawi, akaning'inia kwa uzito wake wote, mbawa amezifunga, na Sokota akafumba macho asione.

Tone la kwanza likaanguka. Tii! Likatua juu ya kiota, likateleza, likaenda zake. Ndani pakavu.

"Imeshika," akasema Kidawa. Kisha akaipigia kelele dunia nzima, "Imeshika! Imeshika!"

"Haiwezekani," akasema Bi Shera. "Mkono wa Sokota? Nipisheni." Akakishika kiota kwa mdomo, akavuta. Akavuta kwa miguu. Akarukaruka juu yake kama mtoto, na kucha zikateleza kwa maji ya mvua, na bibi mkubwa wa mgunga akaanguka kutoka juu mpaka chini. Pu!

Lo! Hapo hakuna aliyekumbuka sheria. Minana wote, wazee kwa vijana, wakainama kwa pamoja wakatazama chini.

Bi Shera alikuwa hai. Alikuwa amekaa juu ya rundo la machujio, kilemba cha makapi kichwani, na Mama Ngiri anamshikisha kibuyu. Akanywa. Akatazama kulia, akaona kiota cha miaka mingi, kilichokataliwa yeye akiwa kigoli, panya wamekifanya kitanda cha watoto. Akatazama kushoto, akaona kingine, kobe amewekea mbegu zake. Akanywa tena. Macho yakamlowa, na si kwa mvua.

"Vyote hivi," akasema. "Miaka yote hii. Na sisi tunatazama mawingu."

"Tulikuwa tunasema ahsante, Bibi," akasema Mama Ngiri. "Hamkuwa mnasikia."

Bi Shera akajipangusa, akainua sauti yake ile ya kuamrisha: "Mnakodoa nini huko juu? Shukeni! Harusi ni huku huku!"

Wakashuka. Mvua ikanyesha, togwa ikachujwa, vyura wakapiga ngoma, na nyani wakaomba kofia nyingine, wakanyimwa. Kidawa alipotaga, mayai yalilala salama, na watoto wakatoka wote.

Ndiyo maana mpaka leo, mkimwona mnana anasuka, mtamwona ananing'inia kichwa chini, miguu juu. Na kiota kikianguka, hainui macho mawinguni. Anainama, anauliza, "Nani ameokota?"

Haya, hadithi yangu imeishia hapo. Naikata, naiangusha. Atakayeiokota ataona mwenyewe ya kuchujia nini, na mimi nawadai togwa ya kumwagia koo.