Shali ya Sufu Nyeupe

Nisikilizeni mpaka mwisho, na mwenye haraka ya kujibu aung'ate ulimi kwanza.

Palikuwa na watu wanne ambao hawakuwahi kuonana. Walikutana simuni, katika kundi la watu waliochoka kuishi. Mbwana, fundi redio wa Tanga, alijaliwa masikio: hata waya uliolegea aliusikia. Kemilembe wa Bukoba alijaliwa subira ya kukaa na mtu bila kumharakisha. Ndeshi wa Moshi alijaliwa ujasiri. Neno lililowakwama wenzake kooni, yeye alilitema. Wa nne, Sekela, mwalimu wa chekechea huko Rungwe, alijiona hana kitu. Tangu amzike mwanawe wa pekee, ukungu wa milimani ulikuwa umehamia kifuani mwake. Watoto wakiimba darasani, aliwasikia kama walio ng'ambo ya mto.

Kundi lilikuwa na kiapo: ya humu yabaki humu. Hakuna jina, hakuna mji, hakuna kumwita mtu wa nje.

Jumamosi moja asubuhi Sekela alitia komeo mlangoni, akaandika: "Kwaherini. Leo napumzika." Alijihisi kama anaelea.

Simu ikaita. Ni Kemilembe.

"Dada, sikukatazi kulia. Niambie tu, dirishani unaona nini?"

"Ukungu."

"Ukoje?"

Miezi mingi Sekela hakuwa ameutazama. "Kama maziwa yaliyotiwa maji," akasema. "Unasogea. Kuna mgomba unajitokeza."

"Endelea. Nipo."

Saa nzima ikapita hivyo, mgomba mmoja baada ya mwingine.

Wakati huo, kama Sekela alivyokuja kuambiwa baadaye, Mbwana alikuwa akirudia kusikiliza ujumbe wa sauti ambao Sekela aliwahi kuutuma kundini. Nyuma ya sauti ya Sekela kulikuwa na king'ora cha kiwanda cha chai, mtu akiamkia kwa Kinyakyusa, "Ugonile!", na mtoto akiita kwa mbali: "Mwalimu Sekela!"

"Yuko Rungwe," Mbwana akawaandikia wenzake. "Ni mwalimu. Anaitwa Sekela."

"Tukimtaja nje tumevunja kiapo," wakaonya wengine kundini.

"Na kivunjike," akajibu Ndeshi. "Kiapo hakina mama wa kukililia."

Akapiga simu huku na huku, mtu wa sita akampa namba ya mwenyekiti wa kijiji cha Sekela, naye mwenyekiti akamkimbilia mama yake Sekela. Siku hiyohiyo wenzake wakamtoa Ndeshi kundini, mahali pekee alipokuwa akiongea na watu.

Mlango wa Sekela ukagongwa.

"Ni mimi, mamako. Sitavunja mlango, mwanangu. Nimekaa hapa kizingitini."

Sekela alilitazama komeo kwa muda mrefu. Kisha akalivuta.

Ukungu haukuondoka siku ile. Palikuwa na hospitali, na mshauri aliyemsikiliza kila Jumatano, na mama aliyelala kitanda kimoja naye na kufuma kando yake. Aliifuma sufu nyeupe aliyokuwa amemnunulia mjukuu. Ilipokwisha, ikawa shali moja.

"Mpelekee aliyekurudisha," mama akasema.

Sekela akawapigia wote watatu.

"Mpe Kemilembe," alisema Mbwana. "Asingekuwa yeye, ningekutafuta bure."

"Mimi? Maneno yalikuwa yananiishia," alisema Kemilembe. "Mpe Ndeshi, aliyetoa alichokuwa nacho."

Ndeshi akacheka, kicheko ambacho Sekela hakuwahi kukisikia. "Bila jina ningempigia nani? Ni ya Mbwana hiyo."

Mama alikuwa jikoni, akisikia yote. "Na komeo," akauliza, "lilivutwa na nani?"

Shali ilikuwa mapajani mwa Sekela, nyepesi kama pumzi, na haikatiki vipande.

Haya, wenzangu, ndimi sasa ziachilieni. Wewe ungemvika nani?