Asali ya Kumwonjesha Mtoto wa Mbwa

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na majiko na vyungu vyao, Mama Mbwa alikuwa na mtoto mmoja tu, Kibwe, naye alikohoa mchana kutwa. Khoo, khoo, khoo. Mbavu zikamtoka, chakula hakipiti, na sauti ya kubweka ikawa mnong'ono. Mbwa asiyebweka atalinda nini, na nani atamweka? Mama yake alilijua hilo, na usingizi ukampaa.

Dawa ilijulikana: asali kidogo, ilainishe koo. Lakini mizinga yote ya bonde lile ilikuwa ya Nyegere. Huyo haogopi nyuki, haogopi nyoka, na kutoa hatoi. Mama Mbwa alikwenda kumwomba, akarudi na kofi la shavu.

Jirani yake Nguchiro, mfupi kama mwiko, alimkuta anajikanda.

"Shoga, umemwomba Nyegere? Wewe nawe. Mbebe mtoto unifuate, na mdomo wako uufunge."

Walimkuta Nyegere ametoka kurina asali ya kwanza ya msimu. Chungu kimejaa, kidole ki juu, anataka kuonja.

"Onja, mzee wangu," akasema Nguchiro. "Onja, kama ulimi umekuchosha."

Kidole kikasimama. "Una maana gani?"

"Hukuwaona nyuki mwaka huu walivyoshinda kwenye minyaa?"

Mnyaa mnaujua, ule wa kuzungushia nyumba, wenye utomvu mweupe unaochoma jicho. Nyuki wakifyonza maua yake, asali huwasha koo kama pilipili. Ndiyo maana warina asali wa bonde lile hawakuweka asali mpya ghalani kabla haijaonjwa.

"Basi onja wewe," akasema Nyegere.

"Mimi na mwili huu? Nikianguka utajuaje ni asali au ni udogo wangu? Mpe huyu mtoto wa mbwa. Mgonjwa tayari, ikimmaliza, wewe hujapoteza kitu."

Mama Mbwa akafungua mdomo. Nguchiro akamkanyaga mguu.

Nyegere akateka kata nzima.

"Kijiko, mzee wangu, kijiko. Mbwa ukimjaza asali ataharisha tu, nawe utadhani ni mnyaa. Kijiko kila asubuhi, mpaka tuone. Sumu hii inatembea polepole."

Kibwe akaramba. Mlap, mlap. Kesho yake wakarudi, na kesho kutwa, na Nyegere mwenyewe ndiye aliyeshika kijiko, anamchungulia kooni kama mganga. Kikohozi kikapungua. Mbavu zikajifunika.

"Mbona ananenepa?"

"Uvimbe huo, mzee wangu."

"Na hizi mbio?"

"Koo linamuwaka, anatafuta maji."

"Na mama yake anachekea nini?"

Nguchiro akamtupia shoga yake jicho baya. "Analia huyo. Mbwa ndivyo wanavyolia."

Hilo Nyegere hakulimeza. Akatumbukiza kidole chunguni, akakinyonya. Tamu mpaka utosini. Akageuka amrarue Nguchiro, lakini, chubwi, kashazama ndani ya kichuguu, mkia umebaki kidogo nao ukaingia. Basi akamgeukia Kibwe, kucha nje.

Kibwe akajaza kifua. "Bwe! Bwe! Bwe!"

Bonde zima likaitika. Mama Mbwa, ambaye sauti ile alishaizika moyoni, akaja akasimama ubavuni pa mwanawe, meno wazi. Nyegere akawatazama wote wawili, akakumbatia chungu chake, akaenda zake akinung'unika kwamba asali yake ndiyo iliyompa yule mbwa sauti. Na ni kweli.

Yangu nimeyamaliza, na funzo lake ni hili: mchoyo usimpelekee machozi, mtafutie anachokiogopa.