Tiki Mbili za Ukumbi Mmoja

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, watu wakiwa wameshaanza kukodi kumbi za harusi kwa simu, palikuwa na fundi wa programu mjini Morogoro aitwaye Nyamizi. Miaka na miaka kazi yake ilikuwa upande wa mbele: vitufe, rangi, kila anachokiona mtu kwenye kioo cha simu. Alikuwa hodari kwelikweli. Kitu kikiharibika alisema, "Hiyo ni ya watu wa nyuma," akaendelea na chai yake.

Siku moja Bwana Kibwana, mwenye ukumbi wa harusi aliyetaka programu ya kuukodisha, akamwambia, "Na nyuma shika wewe." Nyuma ni kwenye seva, maombi yanakopokelewa na kutunzwa. Basi Nyamizi akashika mbele, akashika na nyuma.

Sasa sikilizeni. Huko mbele alishazoea jambo moja: mtu akibonyeza tu, tiki ya kijani itokee papo hapo, asichoshwe na kusubiri jibu la seva. Watu walimsifia sana. Alipojenga nyuma, hakuweka kizuizi cha kukataa ombi la pili la siku ileile. Alidhani kioo kinatosha, kwa kuwa siku iliyochukuliwa haionyeshwi.

Mama Sikudhani, wa milimani Matombo, akataka kumkodia binti yake ukumbi kwa harusi ya Jumamosi. Akabonyeza, akaona tiki, akapiga vigelegele. Kumbe mtandao ulikuwa umekatika, ombi likakwama njiani. Baadaye Hosiana, bibi harusi wa mjini, akaikuta Jumamosi ileile iko wazi. Akabonyeza, ombi likafika hapo hapo. Jioni mtandao wa milimani ukarudi, na ombi la Mama Sikudhani nalo likapokelewa. Kadi zikagawiwa, huku na huku.

Wiki ya harusi wakakutana mlangoni pa ukumbi.

"Mimi nilibonyeza kwanza!" akasema Mama Sikudhani. "Tiki nimeiona kwa macho yangu. Mtandao kukatika ni kosa langu, mwanangu?"

"Shikamoo mama," akasema Hosiana, machozi yakimlengalenga. "Lakini ombi langu ndilo lililofika kwanza. Nilikuta siku iko wazi. Sikumpora mtu."

Nyamizi akachanganyikiwa. Akitazama kwa jicho la mbele, mwenye haki ni mama. Akitazama kwa jicho la nyuma, mwenye haki ni Hosiana. Mbele mama, nyuma Hosiana! Aibu ikamshika, akatafuta wa kumsingizia asimwone.

"Usinitazame mimi, binti," akasema Bwana Kibwana. "Mbele wewe, nyuma wewe. Amua, na atakayekosa umwambie kwa mdomo wako."

Wagawane? Wote wamealika watu saa moja jioni. Wahame? Kumbi zote za mji zimejaa. Haya, nyinyi mnaomcheka Nyamizi, njooni msimame pale mlangoni badala yake. Mmoja aliahidiwa kwanza, mwenzake akapokelewa kwanza. Je, nani alistahili ukumbi?