Pimbi Alivyowapimia Wakubwa Makaburi

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wakati Tembo bado anasonga ugali wake mwenyewe na Kiboko anaanika shuka kwenye kamba, palikuwa na kilima kimoja kilichojaa wanyama wadogo: pimbi, digidigi, kanga, nungunungu na kobe. Wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole. Tukianza tumeanza.

Kilima hicho kilikuwa mali ya Tembo. Wadogo walimlimia, walimkuna mgongo, na kila mavuno walimpelekea vikapu vya mtama. Siku moja wakachoka, wakasema, "Basi!"

Tembo akasema, "Basi nini?"

"Basi basi!"

Pakazuka vurumai, paka, paka, pu! Kiboko, ambaye hajawahi kumpenda Tembo hata siku moja, akatoka mtoni akawaunga mkono wadogo. Tembo akarudi kwake ng'ambo ya bonde, masikio yanapepea kwa hasira.

Wadogo wakaanzisha jamhuri. Mfalme hawakumtaka tena. Wakapiga kura, wakamchagua Kobe awe mwenyekiti, kwa sababu Kobe alikuwa na sifa moja kubwa: hakuna aliyewahi kumwona akikurupuka.

Mambo yakaenda vizuri, hadi Tembo na Kiboko walipogombana upya. Wanagombania nini? Bonde. Huyu anasema langu, yule anasema langu. Na kilima cha wadogo kiko wapi? Pale pale katikati.

Kiboko akatuma neno: "Niliwasaidia. Sasa ni zamu yenu. Siku ya gulio napigana na Tembo, njooni upande wangu."

Tembo naye akatuma neno: "Nyinyi ni watu wangu hata mkikataa. Siku ya gulio mje upande wangu, la sivyo nitapita hapo kilimani nikielekea vitani."

Na mnajua Tembo akipita mahali hubaki nini. Hubaki mahali, basi.

Kilima kikagawanyika. Digidigi wakajifunga matete kichwani, kuonyesha wako na Kiboko. Kanga, waliokuwa wakiuza mtama ng'ambo, wakachomeka singa za mkia wa Tembo. Salamu zikakatika. Kuna nyumba moja ya nungunungu mume alivaa tete, mke akavaa singa, wakawa wanapika vyungu viwili kwenye jiko moja. Sasa niambieni, moshi ulikuwa wa nani?

Kisha likatokea jambo. Nyati wawili, askari wa Tembo, walimkuta Baba Chausiku, pimbi mpole, akichuma majani bondeni.

"Wewe! Ulizaliwa lini?"

"Enzi za Tembo, bwana mkubwa."

"Basi wewe ni wetu bado."

Hap! Wakambeba. Wakamtia kwenye sikio la Tembo na ufagio mkononi, awe anafagia humo mpaka vita viishe.

Baba Chausiku alikuwa na mke. Mama Chausiku hakuwa mkubwa kuliko kiazi, na mkia hakuwa nao kabisa. Ila mdomo! Alipopata habari hakulia. Alijifunga khanga kiunoni, akaenda barazani.

Huko Kobe alikuwa anawaza kwa sauti. "Tukienda kwa Kiboko, Tembo atatukanyaga. Tukienda kwa Tembo, Kiboko atatuzamisha."

"Na tukikaa kimya, mwenyekiti?" akauliza Nungunungu.

"Watatukanyaga wote wawili. Kwa zamu."

Mama Chausiku akasimama juu ya jiwe ili aonekane. "Mwenyekiti, nina swali. Nani hapa amewahi kumpeleka mtani wake vitani?"

Hakuna.

Hapa nisimame kidogo niwakumbushe, maana siku hizi mnadhani utani ni kucheka tu. Utani ni undugu. Mimi nikikutania, na wewe ukanijibu kwa utani mbele ya shahidi, tumekuwa watani, wewe na mimi na watu wangu wote. Tangu hapo hunipigi, hunikasirikii, hunipeleki vitani. Nikichukua kitu chako kwa mkono wangu, huniulizi. Na siku ukifa, mimi ndiye ninayechimba kaburi, huku nakuigiza ulivyokuwa unatembea. Ndiyo sheria.

"Utani na Tembo!" Kobe akatoa shingo yote nje. "Mama Chausiku, umelala vizuri kweli?"

"Nitamtania. Akijibu, amekwisha."

"Na akikasirika?"

"Akikasirika, mtamlea Chausiku."

Hakuna aliyecheka hapo.

Akamchukua Dada Kanga awe shahidi, kwa sababu sauti ya kanga husikika mabonde mawili. Wakafika kwa Tembo. Tembo amekaa uani, nyati wamemzunguka, na katika sikio la kushoto kimetokeza kichwa kidogo chenye vumbi na ufagio. Baba Chausiku! Alipomwona mkewe akatikisa kichwa: rudi, rudi!

Mama Chausiku hata shikamoo hakutoa. "Hodi! Hivi nyumba hii ina mwenyewe, au imetangulia pua tu?"

Lo! Nyati wakaacha kucheua. Dada Kanga akajificha nyuma ya mguu wake mwenyewe. Tembo akanyanyua guu lake, likapanda, likapanda, kivuli chake kikamfunika Mama Chausiku mzima. Sikioni, Baba Chausiku akafumba macho.

Mama Chausiku hakusogea. Alimjua Tembo. Miaka yote ya kumkuna mgongo, hakumwona hata siku moja akimwachia mtu neno la mwisho.

Guu likabaki hewani. Kisha Tembo akasema, "Mwenyewe yupo. Na wewe mkia wako uko wapi? Umeuacha mlangoni usichafuke?"

Nyati wakapasuka kwa kicheko.

"Kwekwekwe!" Dada Kanga akapiga yowe. "Amejibu! Amejibu! Tembo amejibu!"

"Ahsante, mtani," akasema Mama Chausiku.

Guu likashuka, pu! "Mtani? Mtani wa nani?"

"Si umenijibu? Au kumbe maneno yangu yamekuuma?"

Tembo akatazama nyati. Nyati wakamtazama Tembo. "Mimi? Niumwe na maneno ya kokwa la embe? Yaniume wapi?"

"Basi ni utani. Sasa nipe mume wangu."

"Ah-ah! Mtani huchukua kwa mkono wake. Mchukue!" Tembo akasimama wima, sikio likawa juu kule kama dari. Mama Chausiku akaruka. Akaruka tena. Nyati wakacheka mpaka wakalala chini.

"Haya mtani," akasema Mama Chausiku akihema, "leo umenishinda." Akaondoka. Ila njiani Dada Kanga alimwona anatabasamu.

Wakashuka mtoni kwa Kiboko. Mlangoni wakawakuta mabawabu, yangeyange watatu, weupe, nadhifu, kila mmoja kasimama kwa mguu mmoja.

"Kumwona Kiboko si bure," akasema wa kwanza. "Lete kitu kidogo."

"Cha nini?"

"Cha kulainisha koo."

"Na kingine cha kulainisha mlango," akasema wa pili.

"Na kingine," akasema wa tatu kwa upole mkubwa, "cha kunilainisha mimi."

Mama Chausiku akageuka. "Dada Kanga, umesikia?"

"Nimesikia."

"Mimi sauti yangu ndogo. Hebu nisaidie kuwaambia majirani."

Dada Kanga akavuta pumzi. "KWEKWEKWE! JAMANI EE! MLANGO WA KIBOKO UNA NJAA! KIBOKO AMESHINDWA KUULISHA MLANGO WAKE!"

Bulubulubulu! Maji yakachemka, Kiboko akaibuka na mayungiyungi kichwani. "Nani anasema mlango wangu una njaa?"

Yangeyange watatu wakawa wanatazama mawingu.

"Ni sisi wa kilimani, bwana," akasema Mama Chausiku.

"Mmekuja kupigana upande wangu!"

"Tumekuja kukusalimu tu. Tunapita, tunatoka kwa Tembo, amepata watani."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Tembo? Ana watani? Yule asiyecheka?"

"Ametutania hadi nyati wakalala chini."

"Na mimi je?"

"Wewe? Hapana, bwana. Utani unataka moyo mpana, na wewe moyo utakaa wapi? Tumbo limechukua vyumba vyote."

Kiboko akafumba mdomo. Akafikiri. Ilichukua muda, maana mawazo yake yalitoka mbali, chini ya tope. Kisha akafumbua kinywa chote: "Tumbo langu kubwa, ndiyo! Lakini wewe mzima ningekufanya kizibo cha kibuyu, na pombe ingevuja!"

"Kwekwekwe! Amejibu!"

"Nimejibu?" Kiboko akafurahi mno. "Nimejibu vizuri kuliko Tembo?"

"Yeye alizungumzia mkia tu, mtani."

"Mkia tu! Hehehe!" Akazama kwa furaha. Bulubulu. Mara akaibuka tena. "Subiri. Mimi si niliwaita vitani?"

"Mtani hapelekwi vitani," akasema Mama Chausiku. Naye Kiboko akabaki anapuliza maji kwa pua.

Siku ya gulio ikafika. Upande huu Tembo na nyati wake, ardhi inatetemeka, didi, didi, didi! Upande ule Kiboko na ndugu zake, wanapiga miayo ya kutisha. Wakasimama uso kwa uso. Wote wawili wakatazama kilimani, kila mmoja bado anatumaini kwamba wadogo wataona haya waje kwake.

Wakaja. Hawana matete, hawana singa. Wana majembe na kamba, na mbele yao Mama Chausiku ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Uwiii! Tumefiwa jamani! Uwiii!"

Tembo akashtuka. "Nani amekufa?"

"Bado! Lakini leo utakufa wewe au atakufa yule, na sisi ni watani wa wote wawili. Kuchimba ni kazi yetu. Udongo wa hapa mgumu, mtani, acha tuanze mapema. Digidigi! Leta kamba!"

Digidigi wakampima Kiboko, mdomoni hadi mkiani. Kisha wakampima Tembo, akiwa amesimama vile vile.

"La Kiboko refu," akatangaza Mama Chausiku. "La Tembo fupi kidogo."

"Fupi?" Tembo akanguruma. "Mimi nizikwe kwenye kishimo, Kiboko azikwe kwenye ukumbi?"

"Mtani, kaburi hupimwa mtu akiwa amelala. Wewe umesimama, nimeona urefu gani?"

Tembo akalala chini, tii! Akajinyoosha, na mkonga akaunyoosha mbele.

"Mkonga hauhesabiwi!" Kiboko akapiga kelele. "Mwizi huyo! Nipimeni tena!" Naye akajitupa chini, akajivuta shingo ambayo hana.

Nyati wakaanza kucheka pembeni. Viboko wadogo wakacheka. Wakubwa wawili wamelala bondeni mchana kweupe, wanashindana kuzikwa!

"Lala vizuri, mtani," Mama Chausiku akasema, anazunguka na kamba. "Kichwa hivi. Sikio usilikunje, litaharibu kipimo."

Tembo akalitandaza sikio lake la kushoto chini, kama mkeka.

Hap!

"Nimechukua!"

"Umechukua nini?"

"Haki ya mtani. Kwa mkono wangu, kama ulivyosema."

Tembo akageuza jicho, akamwona Baba Chausiku amekumbatiwa shingoni, ufagio umeanguka. Akafumbua mdomo agombe. Nyati wote walikuwa wanamtazama. Akaufumba.

"Mbona unanuka hivi?" Mama Chausiku akamnong'oneza mumewe.

"Nilikuwa sikioni, mke wangu."

Wakati huo majembe yanaenda, chaka, chaka, chaka. Mashimo mawili yakawa marefu, meusi, yenye ukubwa kamili. Tembo akainuka kwa shida, akasogea, akachungulia lile lake. Kiboko naye akachungulia. Ndani kulikuwa na baridi na giza, na minyoo wanahangaika. Tembo akarudi nyuma hatua moja.

"Hivi," Kiboko akauliza taratibu, "tulikuja hapa kufanya nini?"

"Kupigana."

"Lazima leo?"

Wakageuka kuwatafuta askari wao. Askari wameshafika gulioni, wananunua karanga.

Tembo akajipangusa vumbi akaenda kwake. Kiboko akaenda kwake. Mvua ziliponyesha mashimo yakajaa maji, yakawa mabwawa mawili, na kila mwenye kiu alikunywa pale bila kuulizwa bonde la nani. Tembo akipita akiliona lile lake, dogo kidogo, husema kwa sauti, "Walipima vibaya."

Na Kobe? Alikuwa ametoka kilimani alfajiri kwenda kuzuia vita. Alifika jua linazama. "Viko wapi?"

"Vimekwisha, mwenyekiti."

"Vizuri," akasema Kobe, akaanza kugeuka.

Wanangu, hadithi imefika ukingoni, na funzo lake ndilo hili: aliye mdogo kati ya wakubwa wawili asihangaike kuchagua bwana, awe mtani wa wote.