Kijiji Kilichojitoa

Wapendwa, kilikuwako kijiji kimoja cha wafugaji, mpakani, kilichokuwa mwanachama wa umoja wa vijiji vya nchi tatu. Kwa kibandiko cha umoja huo, madumu yao ya maziwa yalivuka mpaka bila kuulizwa neno. Jumanne, tarehe 3 Machi 1987, mwenyekiti wao alichukizwa na agizo la umoja kwamba maziwa yote yapimwe kila asubuhi. Aliandika barua ya kuondoka kwa mkono wake mwenyewe, akabandua vibandiko vyote, akatangaza, "Kuanzia leo hatupangiwi na wageni." Watu wakampigia makofi.

Furaha hiyo haikufika Pasaka. Maziwa yalishinda juani penye kizuizi yakingoja vibali, yakachacha. Wanunuzi wakahamia kwingine. Kijiji kikagawanyika pande mbili, hata salamu zikakatika.

"Baba watoto," mke wa mwenyekiti akamwambia mumewe, "hao wageni ndio waliokuwa wakinywa maziwa yetu. Nenda ukawaangukie."

Lakini sheria aliijua: aliyetoka hapokelewi tena mpaka ipite miaka saba. Je, wewe ungepata wapi uso wa kwenda? Yeye alikwenda, Ijumaa, tarehe 9 Oktoba.

Katibu wa umoja, mama mmoja wa makamo, alimtazama juu ya miwani yake. "Mwenyekiti, mbona mmetususa? Kiti chenu kiko wazi miezi saba."

"Mama, si tulitoka? Nilileta barua."

"Ninayo." Akafungua jalada, akasoma: "'Tumeamua kujitoa kwa umoja.' Mkutano mzima ulifurahi. Hakuna kijiji kingine kilichowahi kujitoa kwetu hivyo."

Mwenyekiti akainama kuitazama barua. "Nilikusudia kujitoa *katika* umoja."

"Mimi, baba, husoma kilichoandikwa," akasema katibu, akimsogezea bunda la vibandiko. "Haya, kesho mtapima maziwa saa ngapi?"

Mwenyekiti alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Nasi je? Ni wangapi humu tulioiandika barua kama ile kwa hasira, tukaapa kutokanyaga tena kanisani, kisha tukasimama kizuizini miaka mingi tukijihesabu wageni? Ni nani aliyelifuta jina lako? Mungu hakulifuta. Ulikusudia kumwacha, lakini Yeye, kwa rehema zake, amesoma kwamba umejitoa kwake. Basi, wapendwa, tuishi kama tulivyosomwa.