Makaburi Matatu ya Bi Subeida

Inasimuliwa, na aliyetusimulia hakuwa mtu wa kuongeza chumvi, kwamba palikuwa na nchi kavu nyuma ya vilima, mwendo wa siku sita kutoka kwenye mto ulio karibu zaidi. Wa kwanza kuhamia huko alikuwa Bi Subeida binti Khelef, Mwenyezi Mungu amrehemu, mwanamke asiyejua kuambiwa "haiwezekani". Alichimba kisima kwa mikono yake, watu wakamfuata, mji ukasimama. Alipofariki, mji ulikuwa na msikiti na nyumba sitini, na kila nyumba ilikunywa katika kisima kile kimoja.

Basi watu hawapendi kushukuru jembe, wanapenda kushukuru ajabu. Mifupa ya Bi Subeida haijapoa ardhini, wakaanza kusema kwamba hakuchimba kitu, alipiga fimbo chini akasoma dua, maji yakabubujika. Karibu na kisima palikuwa na vichuguu vitatu vya udongo vilivyozungushiwa mawe. Msafiri mmoja alipita, akaviona, akasoma Fatiha, akauliza, "Hapa wamelala kina nani?" Akajibiwa na mjukuu wa Bi Subeida, kijana aitwaye Haruni, "Waja wema." Mwaka uliofuata vikavishwa nguo nyeupe, kisha ukaja ubani, kisha wakaja wagonjwa kuomba shifaa. Na Haruni akawa Shehe Haruni.

Mtu mmoja tu mbali na Haruni aliujua ukweli, naye ni dada yake, Raya. Bibi yao alimwambia kitandani pake, Haruni akisikia, siku chache kabla ya kukata roho.

"Mjukuu wangu, fimbo haichimbi. Kile ni kisima changu cha nne. Vitatu vilitoka vikavu nikavifukia, nikaviwekea mawe mbuzi wasije wakatumbukia. Na kile cha tatu kinaniuma mpaka leo. Tope lilikwishaanza kushika jembe, ndiyo siku babu yenu alipofariki kwa homa. Nikaapa sikigusi tena. Nilikosea. Maji yalikuwa pale, dhiraa nne, tano, si zaidi."

Kaburi la babu lilikuwa bondeni, na hakuna aliyelizuru.

Miaka ikapita, Raya akaolewa, akafiwa na mume, akabaki na binti mmoja wa miaka sita, jina lake Zena. Kisha kikaja kiangazi kisicho na mfano. Kisima kikapungua, kikawa tope, na tope nalo likawa la kukamuliwa kwa kitambaa. Wanyama wakafa. Wenye nguvu walisema watu wachimbe, au wahame kabla miguu haijaisha. Shehe Haruni akapanda mimbari akawaambia kwamba kuchimba ni kumfundisha Mola kazi, na kuhama ni kuwatupa mawalii watatu. Wakeshe makaburini, wasome, wangoje. Maji yalikuja kwa dua, yatarudi kwa dua. Watu wakaamini, maana walilelewa hivyo.

Raya akamfuata nyumbani kwake.

"Kaka, unajua alichosema bibi. Maji yako chini ya lile la tatu. Waambie."

"Niwaambie nini? Kwamba miaka yote hii wanabusu nguo juu ya mashimo? Kwamba bibi yetu hakuwa na karama? Raya, dada yangu, heshima ya ukoo huu ndiyo mali pekee tuliyoachiwa. Subiri. Subira ni ufunguo wa faraja."

Raya alirudi kwake akasubiri. Alijiambia kwamba mwanamke hasimami mbele ya watu kumwaibisha ndugu yake, na kwamba huenda mvua ikaja kesho, aibu ikapita yenyewe. Alikuwa na woga pia, tusimfiche. Anayetaka kufukua kaburi la walii hupigwa mawe. Kila asubuhi aliamka na maneno mdomoni, na kila jioni aliyameza. Hivyo zikapita siku arubaini, naye akimpa Zena kitambaa chenye tope anyonye.

Siku ya arubaini na moja Zena hakuomba maji. Kabla ya adhuhuri akafariki. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Hapakuwa na tone la kumuoshea. Raya alipiga viganja kwenye vumbi, akampangusa mwanawe uso na mikono kwa tayamamu, akamvika sanda. Hakulia. Aliyatazama mavumbi yale kwenye paji la uso la mtoto akayajua ni ya nani, kwa maana yeye ndiye aliyeacha yawe vumbi badala ya maji.

Shehe Haruni, kwa huruma na kwa kumtukuza mpwa wake, akaamuru azikwe pembeni mwa makaburi matatu. Katika mji ule wanawake hawafuati jeneza. Raya alilifuata. Wachimbaji walipoinua majembe, akapita katikati ya wanaume, akasimama juu ya kaburi la kwanza, akaivuta ile nguo nyeupe na kuitupa.

"Msichimbe pembeni," akasema. "Mzikeni humu. Hamna mtu."

Watu wakapiga istighfari. Mzee mmoja akasema, "Mshikeni, msiba umemvuruga akili." Mwingine akaokota jiwe.

Raya hakumwangalia mwenye jiwe. Alimwangalia kaka yake.

"Haya ni mashimo ya bibi yangu. Alichimba akakosa, akachimba tena akakosa, akachimba tena. Hakupiga fimbo. Maji yako hapo, chini ya la tatu. Nimelijua hilo siku zote hizi nikanyamaza, na huyu hapa mwanangu ndiye aliyelipa. Kaka, sema."

Shehe Haruni alivua joho lake, akalikunja, akaliweka chini. Kisha akachukua jembe mkononi mwa mchimbaji, akapiga kaburi la kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye jiwe akaliacha likaanguka.

Walichimba hadi kifuani. Hawakuona mfupa wala meno wala kipande cha sanda. Waliona jembe kuukuu lisilo na mpini, limeliwa na kutu hadi kubaki kama kijiko. Wakampumzisha Zena humo, na hivyo kaburi moja likawa la kweli.

Kisha wakaenda kwenye la tatu. Wakachimba kwa zamu, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupiga majembe ishirini mfululizo, na wazee wawili walizikwa kabla kazi haijaisha. Siku ya nne jembe likatoka na tope. Jioni yake yakaja maji.

Ilikuwa desturi ya mji kwamba kila mara kisima kinaposafishwa na kufunguliwa tena, ndoo ya kwanza ni ya ukoo wa Bi Subeida. Wakampa Raya. Akaibeba mbele ya safu ya watu waliopasuka midomo, hakuinywa, hakumpa mtu. Alikwenda hadi kwenye kaburi la mwanawe akaimwaga yote, kutoka kichwani hadi miguuni, kama linavyomwagiwa maji kaburi la aliyezikwa siku ya kawaida. Watu walitazama maji yakinywewa na udongo.

Raya aliishi miaka mingi baada ya hapo, na furaha haikumrudia. Wasichana walipomuuliza habari za bibi yake na subira yake mashuhuri, alikuwa akisema, "Bibi yangu alisubiri akiwa na jembe mkononi. Mimi nilinyamaza siku arubaini nikadhani ninasubiri."

Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, na aturehemu na sisi, tunaojua maji yalipo na tumekaa kimya.