Shahidi wa Nzeyimana

Mtu mmoja aliishi ukuta kwa ukuta na fundi cherehani kwa miaka kumi na minne. Mtu huyo, Melkiadi, alikuwa mzaliwa wa mtaa ule na mzee wa kanisa. Fundi na mkewe walitoka ng'ambo ya mpaka, walikokimbia vita. Melkiadi alimwita mume Fundi na mke Mama Fundi, na hakuona pungufu lolote.

Mwaka ule serikali ikatoa amri: Ijumaa kila familia ya ng'ambo ipakiwe kwenye lori irudishwe kwao, isipokuwa ile yenye raia wa kuapa kwamba anaijua. Watoto wa fundi walikuwa tayari wamefukuzwa shule, na cherehani yake imefungiwa katika ofisi ya uhamiaji. Akamwomba Melkiadi awe shahidi. Jumatatu Melkiadi akavaa koti aliloshonewa na fundi, akaenda naye ofisini humo kifua mbele.

Afisa akamuuliza Melkiadi jina la fundi. Melkiadi akakohoa, akasema anaitwa Fundi. Ana watoto wangapi? Watatu. Kumbe walikuwa wanne; wawili ni mapacha, na miaka yote Melkiadi alidhani ni mtoto mmoja mwenye mbio. Walitoka wapi? Kule, akasema, akaonyesha dirishani, kulikokuwa na choo cha ofisi.

Ndipo afisa akamtaka fundi aeleze anachojua juu ya shahidi wake. Fundi akaeleza taratibu: huyu ni Melkiadi, mtoto wa marehemu Anastazia. Goti la kushoto humsumbua mvua ikikaribia. Bega lake moja limeshuka, ndiyo maana koti lina pamba upande mmoja. Yeye hali maharage, ingawa mkewe huambiwa yameliwa.

Afisa akaweka kalamu chini. "Mmoja wenu ni mgeni pale mtaani," akasema, "ila si huyu aliyeandikwa kwenye orodha yangu."

Akawapa hadi Alhamisi warudi na majibu.

Melkiadi akashinda kwenye kigoda uani kwa jirani yake, akiuliza kama mtoto wa darasa la kwanza. Akajua kwamba fundi ni Nzeyimana, mkewe Kankindi, mapacha ni Bukuru na Butoyi. Kankindi alicheka mpaka akaacha kupepeta mchele. Kisha akamsimulia safari ya siku kumi na moja kwa miguu, na mtoto wao wa kwanza waliyemzika njiani. Siku ile Melkiadi hakuuliza tena. Alimsaidia kuchagua mchele, na aliuchagua vibaya.

Alhamisi alijibu yote, hata yasiyoulizwa, akamtaja na yule aliyezikwa, mpaka afisa akamwomba akae. Nzeyimana akapewa karatasi yake na cherehani yake. Watoto wakarudi shule.

Ijumaa lori liliondoka na familia sita za mtaa ule ule. Majirani walisimama barabarani kuwapungia mikono, wengine wakalia kwa dhati, bila kujua wanamlilia nani.

Nawauliza mliokaa humu mkinisikiliza, kila mmoja wenu: lori lingine likija, ni nani atakayeshushwa kwa ushahidi wako?